Pezi la Chewa

Siku ile mjinga alikuwa mimi, na ninalisema mwenyewe kabla binti yangu Yuet-ling hajalisema, maana yeye huliongeza chumvi.

Wakwe zake watarajiwa, Bwana na Bibi Kwok, walitualika kwenye mkahawa wa hoteli kule Kowloon, ule wenye vitambaa vya meza vinavyokufanya uogope kukohoa. Walikuja na kalenda ya siku njema ili tuchague siku ya harusi. Mlangoni Yuet-ling aliniomba jambo moja tu: "Baba, leo usiwe sokoni."

Nimeuza samaki Wan Chai miaka thelathini. Mhudumu alipotuletea chewa mzima kwenye ndoo, tumwone kabla hajapikwa kwa mvuke, mkono uliniwasha. Nikajifanya ninampapasa, nikatoa kikata kucha, nikampunguza ncha ya pezi la ubavuni. Wakimbadilisha jikoni, nitawajua.

Akarudi kwenye sahani, amelala juu ya tangawizi, kichwa kimeelekezwa kwangu kwa heshima. Nikatazama pezi. Zima.

"Huyu siye," nikasema. "Wetu nilimtia alama kwa kikata kucha."

"Ndiye, mzee," akajibu mhudumu.

"Usinifundishe samaki."

Yuet-ling akanifinya chini ya meza. Bwana Kwok akasema taratibu, "Tule, anapoa." Lakini kiburi kikishapanda hakioni ngazi ya kushukia. Nikamtia vijiti tumboni, nikampindua.

Pezi lililokatwa lilikuwa upande wa chini. Miaka thelathini sokoni, nikasahau kwamba samaki ana pande mbili.

Na hilo lilikuwa dogo. Bwana Kwok ni nahodha wa feri, na mtu wa baharini ukimpindulia samaki mezani umempindulia chombo. Aliweka vijiti chini, akaifunga kalenda, akairudisha mfukoni. Yuet-ling aliinamisha kichwa mpaka nikaona kisogo tu. Natamani ningeomba radhi pale pale. Badala yake nikajitetea.

"Msinilaumu jamani. Wauza samaki nawajua mimi. Mteja akigeuka tu, samaki kabadilishwa."

Bibi Kwok akachota nyama ya shavu, iliyokuwa haki yangu mgeni, akampakulia mumewe. Kisha akanitazama.

"Bwana Lau, nimenunua samaki kwako miaka kumi na miwili, na sikuwahi kuja na kikata kucha."