Vitumba Arobaini vya Asumini

Jumatano saa nne asubuhi Sabra alimaliza shada lake la tatu, na hili ndilo la kwanza kutoka duara. La kwanza lilikuwa na umbo la yai, la pili lilifumuka kabla hajalinyanyua mkekani. Alikuwa akijifunza kwenye simu, kwa mama mmoja mwenye kucha ndefu ambaye kila kitu alikibandika kwa gundi ya moto. Sabra hakuwa na gundi. Alikunja fito mbichi za mpera, akazifunga kwa ukindu aliouloweka tangu jana, akachomeka majani ya mrehani pande zote, kisha kwa sindano na uzi akashonea vitumba arobaini vya asumini. Harusi yake na Mustafa, mtoto wa mjomba wake wa Kilambo, ilikuwa imebakiza wiki tatu, na alitaka ukumbi upambwe kwa mikono yake mwenyewe. Mapambo ya kukodi yalikuwa yameshapamba harusi za mtaa mzima na yalinuka vumbi.

Akalitundika kwenye mlango wa mbele aone kama ukindu utahimili uzito. Hapo ndipo alipokosea. Mtaa ule wa Mtawanya, shada la duara watu walilijua juu ya jeneza, kwenye taarifa ya habari au kwenye makaburi ya majirani Wakristo. Mlangoni hakuna aliyewahi kuliona. Kabla ya saa tano wanawake walikuwa wameshajifunga khanga viunoni, na Neema wa nyumba ya pili akatangulia na mzigo wa kuni kichwani. Sabra aliwaambia hakuna aliyekufa. Walimwitikia kwa upole, anavyoitikiwa mfiwa, wakavua viatu wakaingia.

Neema alipovuka kizingiti, kitumba kimoja kilifumbuka. Asumini hufumbuka jioni, na Sabra alidhani ni joto. Akaingia mke wa fundi cherehani, kikafumbuka cha pili. Mama huyo alitoka kwenda kutema mate, akarudi, hakikuongezeka kitu. Akaingia Mzee Chande, aliyekuwa Msumbiji mwaka mzima na amerudi juzi, na shada halikujishughulisha naye. Waliokaa karibu na mlango waliona yote hayo. Mmoja alisema asumini za siku hizi hazina saa, wakaendelea kuchambua mchele walioleta.

Aliyetoa siri ni Hashimu wa bodaboda. Aliingia, kitumba cha kumi na saba kikafumbuka, akachuchumaa karibu na Sabra na kofia yake mkononi.

"Pole dada," alisema. "Ila umefanya la maana kuweka shada. Watu wanakupa pole zote siku moja, yanaisha."

Sabra akamuuliza pole ya nini.

"Si hii ya Mustafa kuoa. Mama yako mimi ndiye niliyempeleka harusini."

Basi yakatoka moja moja, kila mtu akimrekebisha mwenzake kidogo. Mustafa alioa Kilambo kabla ya mfungo, bibi harusi anaitwa Tabu. Siku ile mama yake Sabra aliaga kwamba anakwenda msibani. Masufuria makubwa ya pilau yalitoka kwa Neema. Bi Husna, somo wa Sabra, aliyekuwa akimfunda kila Alhamisi mambo ya kukaa na mume, alimfunda Tabu siku za Jumapili. Na wazee walikuwa wamekubaliana kwamba Sabra naye ataolewa kama ilivyopangwa, ila aambiwe baadaye. Tabu naye hivyo hivyo.

Sabra aliumia. Kwa Mustafa aliumia kama mtu anavyoumia kwa mwanamume, lakini masufuria ndiyo yaliyomkata maini. Neema aliyaazimisha, akayasubiri, yakarudi, akayasugua uani pale huku wakizungumza juu ya ukuta, na neno asitie. Mtaa mzima ulikuwa umemfanya mjinga, kwa upendo kabisa, na sasa umekuja kumpikia.

Mama yake, Bi Sharifa, alirudi kutoka sokoni adhuhuri na pweza kwenye kikapu. Aliona viatu mlangoni, akaona shada, akasimama. Kisha akaingia, maana ni nyumba yake. Kitumba kilifumbuka polepole kuliko vingine vyote, watu wakakiangalia mpaka kikamaliza.

"Mama," Sabra aliuliza, "pilau ulikula?"

"Nilikula kidogo."

Akamkabidhi Neema pweza, akaketi. Alieleza kwamba Mustafa ni mtoto wa kaka yake, na shangazi hawezi kukosa harusi ya mtoto wa kaka yake, watu wangesemaje. Alieleza pia kwamba walingoja Sabra aingie kwanza kwenye nyumba, azoee kitanda na jiko, kwa sababu mtu akishazoea hasumbuki sana. Aliyasema haya bila hasira. Sabra alijibu kwamba hamtaki tena Mustafa. Wanawake waliguna kwa huruma, na chakula kikapakuliwa.

Jioni vilikuwa vimefumbuka vitumba thelathini na vinne. Havikunyauka siku hiyo wala zilizofuata. Mtaa ulilizoea shada upesi. Wenye siri zao walianza kupitia mlango wa uani, na kwa adabu hakuna aliyewauliza. Bi Husna alipitia uani. Wajomba walipokuja kuzungumza habari ya Sabra kumkataa Mustafa walipitia uani pia, wakanywa chai, wakasema kadi zimeshasambazwa, wakaondoka, na tarehe ikabaki ile ile. Watu walianza kumletea Sabra kazi. Waliyapenda mashada yake, ila walimwomba atumie maua ya plastiki.

Wiki moja kabla ya harusi akaja Tabu. Alitoka Kilambo na muhogo na jogoo, kuja kumsalimia shangazi ya mumewe, na kwa kuwa alikuwa mgeni alipita mlango wa mbele. Alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Vitumba sita vilivyobaki vilitulia kama vilivyokuwa. Sabra na mama yake walitazama mlango, kisha wakatazamana.

Tabu alikuwa mchangamfu. Alisema amesikia wifi yake anaolewa, akauliza mume ni wa wapi. Bi Sharifa akasema ni wa huku huku. Tabu akamwombea Sabra heri, akasema ndoa ni tamu ukipata mtu mkweli.

Sabra alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa fupi, lisingemaliza hata dakika. Alimtazama Tabu akipuliza chai, mkono mmoja juu ya tumbo, akaona ni vyema amwache anywe kwanza. Kisha akaona atamwambia akishajifungua, akishatulia, akishazoea.

Tabu alilisifu shada, akasema na yeye anataka kama lile, la asumini hasa, alitundike mlangoni kwake ambako Mustafa huingia akitoka shamba. Bi Sharifa akadakia kwamba ya plastiki hudumu zaidi. Sabra akaenda ndani, akatoka na shada la plastiki, la waridi jekundu, akamfundisha jinsi ya kulifuta vumbi.

"Ahsante wifi," Tabu alisema. "Wewe una roho nzuri."

Sabra alimsindikiza mpaka barabarani, akamsimamishia bajaji, akampungia mkono mpaka ikapinda. Aliporudi, kitumba kimoja kilifumbuka juu ya kichwa chake alipovuka kizingiti. Hakuinua macho. Sebuleni, Bi Sharifa na Neema walikuwa wakikata ukindu wa harusi. Mama yake akasogea kidogo mkekani, akampa nafasi ya kukaa.