Chumba cha Kupimia

Mimi ni fundi cherehani, na sisemi kwa majivuno, nasema kwa kuwa ni kweli: mtaa huu mzima hakuna anayekata gauni likakaa mwilini kama mimi. Lakini wateja hawanifuati kwa mkasi peke yake. Wanakuja kwa sababu kinachoonekana kwenye chumba changu cha kupimia hakitoki nje. Nimeona makovu ya kisu, nimeona mimba ambazo hata mume hajaambiwa, na mdomo wangu ndio huu.

Mwanangu, tunamwita Waya kwa vile tangu utotoni hakuacha redio ya mtu salama, kazi yake ni kufunga vifaa vya kisasa majumbani: kengele zenye kamera, taa za kuwashwa kwa simu, spika zinazojibu ukiziuliza. Karibu kila nyumba ya mtaa huu kafunga yeye. Nami akaniletea spika, akaiweka kwenye rafu ya vitambaa. Weee, niliringa nayo! Hakuna mteja ambaye sikumwonyesha.

Siku moja akaja Mwalimu, aliyewafundisha wanangu wote kusoma. Binti yake alikuwa anaolewa, naye mwenyewe anataka gauni la siku hiyo. Mwalimu alikatwa titi moja alipougua, na kifua kile hakuwahi kumwonyesha fundi mwingine. Ameshavua, nimemzungushia futi, mara spika ikawaka taa. Hakuna aliyeiita.

"Hiyo inafanya nini?" akauliza.

Nikampigia Waya papo hapo, nikaweka sauti ya nje ili Mwalimu naye asikie. Akacheka. "Mama, usiwe na wasiwasi. Kengele ya jirani imekosa mtandao, inaazima kidogo wa kwako kupitia hiyo spika. Zimetoka kiwandani hivyo, zinagawiana. Haisikii wala haioni chochote."

"Na nani kaniuliza mimi?"

"Ah, mama..."

Mwalimu alikuwa ameanza kufunga vifungo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. "Kama wanatumia cha kwako bila wewe kujua," akasema, "kingine utakijuaje?" Akaondoka gauni halijapimwa hata nusu.

Waya alipofika nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia, hata jirani anayekuja kuomba chumvi hupiga hodi, wewe umeniingizia mtaa mzima ndani, kimya kimya, halafu unaniambia hawaoni! Akasema basi, yangu ataizima sasa hivi. Yangu? Na hao wengine uliowafungia, wao hawana vyumba?

Akachukua mkoba wake wa kazi, akatoka. Nilidhani kanuna, maana kwa kununa kamrithi baba yake. Kesho yake asubuhi nikamwona anaingia nyumba ya kwanza, akatoka, akaingia ya pili. Kila mlango anaeleza jinsi kifaa kinavyogawa mtandao, anamuuliza mwenye nyumba anataka au hataki, asiyetaka anamzimia. Alipofika chini ya dirisha langu mkubwa wake wa kazi akampigia simu, anafoka mpaka mimi nasikia, eti anawatisha wateja, kazi ataikosa.

"Siwatishi, bosi," Waya akajibu. "Nawauliza tu."

Jamani, kifua kilinijaa! Yule ni wangu, nimemzaa mwenyewe, na aliyekuwa anapita njiani nilimwambia hivyo hivyo.

Lakini Mwalimu hakurudi. Harusi inakaribia, kitambaa chake kimelala mezani, na mimi nitamfuata kwa uso gani? Spika nilishaitoa chumbani, ila imani ya mtu huwezi kuirudisha kwa kuchomoa waya ukutani.

Alasiri moja nikasikia hodi. Ni yeye.

"Mwanao alikuja kwangu," akasema. "Kusoma nilimfundisha mimi. Kuuliza kabla ya kuingia, hapana. Hilo limetoka humu."

Nikageuka upesi kuvuta pazia, asiyaone machozi yangu. Nilipomrudia alikuwa ameshavua blauzi mwenyewe, kainua mikono, ananisubiri nimpime.