Upande wa Pili wa Kaseti

Resty Taaka alikuwa fundi wa redio na simu mjini Busia, upande wa Uganda, kwenye kibanda kilichotazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Alisifika kwa jambo moja: hakuwa mwepesi wa kusema, "Hiki kimekufa." Ndiyo sababu Mwalimu Othieno alipouliza fundi mjini Tororo, watu walimwelekeza Busia.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa somo la hesabu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye alikuwa Mpadhola na Resty Msamia, kwa hiyo waliongea Kiswahili, kama wafanyavyo wengi mpakani. Aliweka mezani kitu cheusi kilichofungwa kwa kitenge, akakifungua.

"Hii ni kibodi, Mwalimu," Resty alisema. "Kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Yote imo humo humo, mwanangu. Hii ni ya biti nane. Kumbukumbu yake nzima haitoshi kubeba picha moja ya simu yako."

Akamweleza. Miaka ya themanini, mwalimu mwenzake Mwingereza alipokuwa anarudi kwao alimwachia mashine hiyo pamoja na kaseti moja. Ndani ya kaseti kulikuwa na lugha ya kompyuta iitwayo Logo. Kioo kilionyesha pembetatu ndogo waliyoiita kobe. Ukimwambia aende mbele, anakwenda huku akichora mstari nyuma yake. Ukimwambia ageuke, anageuka. Wanafunzi waliokuwa wakikimbia somo la pembe walianza kugombania zamu. Kisha siku moja redio kaseti waliyotumia kuipakia Logo ikatafuna ukanda, na mashine ikapanda juu ya kabati.

"Watoto wangu wanadhani nilikuwa naota," Mwalimu alisema. "Nataka kumwona kobe tena."

Resty alifungua mashine. Kapasita moja ilikuwa imevimba, akaibadilisha. Akaunganisha na televisheni ya chogo aliyokuwa nayo kibandani, na kioo kikawa cheupe, alama ndogo ikipepesa pembeni kama mtu anayengoja aambiwe neno. Resty aliitazama kwa muda. Simu alizozoea kutengeneza zilikuwa zimejifunga. Hata fundi hajui kinachoendelea ndani. Humu kila kipande kilionekana, na kila kimoja kilikuwa na kazi inayoelezeka. Alijisikia kama amefunguliwa mlango na mwenye nyumba mwenyewe.

Ila lugha haikuwemo. Mashine ilijua lugha yake ya kuzaliwa tu, na Logo ilikuwa kwenye ukanda ulioharibika, ambao Mwalimu alikuwa ameuleta pamoja na mashine.

Resty akaingia mtandaoni. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jukwaa la watu wanaotunza mashine za namna ile. Alishangaa. Kulikuwa na vitabu vya maelekezo vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kaseti zilizogeuzwa kuwa mafaili ya sauti. Kulikuwa na watu wazima wanaobishana kwa adabu juu ya skrubu moja. Hakuna aliyelipwa. Akaandika kwa Kiingereza chake cha shule: nani yeye, yuko wapi, mzee anatafuta nini. Kabla hajala chakula cha mchana, alikuwa amejibiwa na Mreno mmoja jina lake Duarte, aliyestaafu kazi ya posta.

"Karibu," Duarte aliandika. "Kitabu hiki hapa, na Logo hii hapa. Cheza sauti hii kwenye simu, waya uuchomeke mahali pa kaseti."

Resty alimpigia Mwalimu, naye akaja. Simu ikaanza kulia kwa sauti kali, kama nzige waliofungiwa kwenye debe. Mpita njia mmoja aliziba masikio. Mistari ikacheza kwenye kioo, kisha katikati akatokea kobe.

"Ndiye!" Mwalimu alisema. Akamwamuru aende mbele, akaenda. Akamwamuru ageuke, akageuka. Mwalimu akasugua viganja, akaanza kumfundisha neno jipya. Alipomaliza kuandika, kioo kiliganda.

Wakapakia upya. Kobe alitembea vizuri, lakini kila alipofundishwa neno, mashine iliganda.

"Huyu si wangu," Mwalimu alisema polepole. "Wangu alikuwa anafundishika. Uzuri wa Logo ni kwamba unaitungia maneno yako, nayo inayashika. Hii inapokea amri tu."

Resty aliandika tena jukwaani. Safari hii Duarte alichelewa kidogo, na jibu lake lilikuwa la mtu aliyeona haya. Nakala zote walizonazo, alisema, zilitoka kwenye kaseti moja iliyokuwa na doa. Kwa miaka mingi wametafuta nyingine bila kupata. Halafu akauliza: je, mzee bado anayo kaseti yake? Viwanda vingi vya zamani vilirekodi kitu kilekile pande zote mbili. Wameshajaribu upande wa pili?

"Upande wa pili hauna kitu," Mwalimu alisema aliposomewa. "Hauna hata karatasi ya jina."

"Tujaribu, Mwalimu. Ukanda unarekodiwa nusu ya juu na nusu ya chini. Nimeangalia, uliokunjamana ni ukingo mmoja tu."

Gamba la kaseti lilikuwa limepasuka. Resty alitafuta kaseti ya kwaya ya kanisa fulani la Bulumbi, ambayo ukanda wake ulikuwa umekatika zamani, akaifungua na kuhamishia humo ule ukanda wa Mwalimu. Aliushika kingo kwa ncha za vidole, akauzungusha kwa kalamu, taratibu. Wateja walikuja, wakaona anavyofanya, wakangoja bila kuambiwa.

Akabonyeza. Kimya. Ukanda ukazunguka, kimya bado. Mwalimu alivua miwani. Ndipo mlio ukatokea, mkali na safi.

Jukwaani hawakuridhika mara moja. Mtu mmoja alichunguza sauti aliyoituma Resty, akamwambia kichwa cha kusomea cha redio yake kimeinama; azungushe skrubu kidogo, arekodi tena. Akafanya hivyo. Wakaomba tena, akarekodi tena. Kesho yake faili likawa kamili, na Duarte akaandika, "Tumeitafuta kila mahali. Kumbe ilikuwa kwenu."

Resty alimtafsiria Mwalimu kwa simu.

"Waambie sisi tulikwenda kuomba," mzee alisema.

"Nimewaambia. Wamesema hata wao walikuwa wanaomba."

Jumamosi Resty alipanda pikipiki yake hadi Tororo. Mashine ilikuwa imewekwa kwenye meza ya kulia, na Proscovia, mke wa Mwalimu, alikuwa ameandaa chai na karanga huku akisema hana muda wa michezo. Mwalimu alimfundisha kobe neno *mbele*, halafu *kulia*, halafu *kushoto*. Mashine ikayapokea yote. Mwalimu akacheka kwa sauti ambayo Resty hakuijua. Kisha akaanza kuchora Mwamba wa Tororo unaoonekana pale dirishani.

"Huo ni mwamba au kichuguu?" Proscovia aliuliza.

"Subiri kwanza."

"Nimesubiri tangu mashine ipande kabatini. Hebu sogea."

Mwalimu akasogea. Proscovia alikaa, akauliza ni wapi pa kuandika, akabonyeza herufi kwa kidole kimoja. Alichora ukuta, akakosea paa, akarudia. Aliliita neno lake *ot*, nyumba kwa Kidhopadhola, na alipoliandika peke yake, kobe aliijenga nyumba yote bila kukosea. Proscovia akainamia kioo, kisha akaliandika tena, ili nyumba ya pili isimame kando ya ile ya kwanza.

"Mtumie na yule Mreno," alimwambia Resty. "Aone nyumba za kwetu."

Resty akatoa simu, akapiga picha kioo.