Pale Ninapozima Simu

Mke wangu Mwanaidi ana namna mbili za kuniita. Mambo yakiwa shwari mimi ni Baba Junaid, kwa jina la mwanetu wa kwanza. Yakichafuka ninakuwa Alawi. Asubuhi ile tuliyoondoka Mbeya nilikuwa Alawi tangu adhana ya alfajiri, na chai niliyopewa haikuwa na sukari.

Majirani tuliwaambia tunakwenda kujaribu mtandao wa simu, na kweli ndicho tulichokwenda kufanya. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele. Kila msimu wa mavuno nateremka na Canter yangu hadi Madibira kununua mpunga, na kila ninapokwenda, ikifika alasiri sipatikani. Mwanaidi akipiga anajibiwa na yule dada wa kampuni ya simu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Alikwisha kuniambia kwamba sauti ya dada yule anaijua kuliko ya mumewe. Nami jibu langu lilikuwa lile lile: kule mtandao haushiki.

Ndipo akaja shemeji yangu Chiku kutoka Iringa. Alikuwa amehama mtandao bila kubadili namba, maana siku hizi inawezekana, na alivyousifu huo mpya ungedhani minara kaisimamisha yeye. Alimwambia dada yake kwamba unashika hadi katikati ya majaruba ya mpunga ya Madibira. Halafu akashusha sauti, na sauti ya chini ya Chiku ndiyo inayosikika vizuri zaidi sebuleni, akasema mwanamume asiyepatikana alasiri yuko mahali anapatikana. Lisemwalo lipo, akamalizia, kama halipo li njiani laja.

Mwanaidi hakupiga kelele. Laiti angepiga, ningelala usingizi wangu. Alikwenda kununua laini ya mtandao ule, akasajili kwa alama za vidole, akatangaza kwamba kabla hatujahama yeye na mimi lazima aujaribu mwenyewe njia nzima. Chiku angekuwa anampigia kutoka Iringa. Kisha akafungasha begi kubwa. Nilipouliza begi la nini kwa safari ya kulala siku moja, alinijibu bila kuinua macho kwamba akikuta kule mtandao upo, harudi Mbeya na mimi. Atapanda gari la Mafinga, aunganishe hadi Iringa kwa mdogo wake, na talaka yake nimpelekee huko huko.

Sasa wewe nikwambie kile ambacho yeye hakukijua. Mtandao upo. Huu huu wetu wa zamani. Unakatika sehemu nyingi za njia ile, lakini kuna kalavati moja kabla ya kufika Madibira, na pale unashika vizuri kabisa, na pale ndipo ninapozima simu. Mwanamke hakuna. Siku ya kwanza nilisimama pale kusali alasiri. Nilipotoa salamu na kuinua uso niliona jambo lililonikalisha chini vumbini, nikasahau mpunga, nikasahau hata viatu vyangu viko wapi. Tangu hapo nasimama kila safari. Nazima simu kwa sababu sitaki dalali wa soko la Mwanjelwa aniulize bei mimi nikiwa mbele ya kitu kama kile. Lakini jaribu wewe kumwambia mkeo kwamba hukupatikana kwa kuwa ulikuwa unatazama angani. Mimi mwenyewe nisingejiamini. Nikaona heri nisingizie mtandao, na nilipokwisha kusingizia mara moja ikabidi niendelee.

Tulipofika Chimala simu yake ikaita. Igawa ikaita tena, akina mama wa vitunguu wakiwa wamejazana dirishani. Kila mara Mwanaidi alimwambia Chiku kwamba unashika, halafu akanitazama mimi, na mimi nikatazama barabara. Baada ya Igawa tukaacha lami, na bonde la Usangu likafunguka mbele yetu.

Nimelipita mara nyingi na bado linanishinda. Sisi wa Mbeya tumezoea mbingu ya vipande, kipande kati ya mlima na mlima. Pale mbingu ni nzima. Inaanzia ardhini upande mmoja na kuishia ardhini upande wa pili, na chini yake mpunga umeiva mpaka macho yanachoka, na kati ya majaruba maji yamesimama yakiwa na mawingu ndani yake. Milima tuliyotoka ilikuwa imebaki nyuma kama mstari wa bluu. Nilimtazama Mwanaidi nione kama anaona. Alikuwa anaangalia simu.

Kisha mtandao ukakata. Kwanza wangu, halafu na ule mpya wa Chiku. Vistari vikashuka hadi kikaonekana kile kialama cha hakuna kitu, na Mwanaidi akakunja uso, akaitikisa simu, akainyanyua juu karibu na paa la gari. Nikaanza kupumua. Nikajisemea nikikanyaga mafuta kidogo tutapita pale kalavatini kabla hajajua, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Kalavati lilipoonekana, Mwanaidi mwenyewe akasema, "Alasiri imeingia. Simama hapo penye maji tusali."

Ningekataa vipi? Tulitawadha mferejini, nikatandika mkeka kando ya barabara, tukasali. Nilipotoa salamu sikugeuka haraka. Nilisikia ameshaziokota simu zote mbili.

"Alawi," akasema, "hapa kuna mtandao."

"Upo."

"Wa zamani na mpya."

"Yote miwili."

"Na siku zote ulikuwepo?"

"Siku zote, mke wangu."

Nikamweleza yote pale pale juu ya mkeka, kuanzia siku ya kwanza. Nilipomaliza aliniuliza natazama nini, nionyeshe. Nikainua mkono, na mkono wangu ukaelekea kwenye anga tupu, nyeupe kwa joto. Kulikuwa na mpunga. Mbali kabisa kulikuwa na ng'ombe wa Wasukuma wakifuatana kwenda majini. Basi. Nilimwambia asubiri kidogo, watakuja. Akaniuliza kina nani. Nikasema ndege. Nilisikia mwenyewe jinsi neno hilo lilivyokosa uzito.

Mwanaidi akaziweka simu mkekani, akaenda garini, akashusha begi lake, akaliweka ukingoni mwa barabara, hatua moja kutoka mkekani, upande wa magari ya Mafinga.

Sijawahi kuogopa namna ile. Ndege hawaagizwi. Kuna siku nimekaa pale mpaka magharibi na hawakupita. Msimu mwingine serikali hupulizia dawa makazi yao, kwa sababu ni kweleakwelea, wezi wa mpunga, na mkulima hana adui mkubwa kuwazidi. Mzee Budeba, Msukuma ninayenunua mpunga kwake, akiwataja hutema mate. Mimi nilikuwa nimeiweka ndoa yangu mikononi mwa wezi. Nilibaki mkekani nikimwomba Mungu awalete, nikijua kwamba kuna wakulima wakati huo huo wanamwomba asiwalete.

Kwanza ilikuja sauti. Mwanaidi aligeuka kutazama mvua, kwa sababu ndivyo ilivyosikika, mvua inayokuja juu ya mabati ya mtaa wa pili. Mvua haikuwepo. Upande wa mashariki paliinuka kitu cheusi, akasema kuna mtu anachoma shamba. Halafu ule moshi ukageuka. Ukageuka wote kwa mara moja, ukawa mwembamba kama uzi, ukapotea kabisa, kisha ukafumuka tena mkubwa kuliko mwanzo, karibu zaidi, unakuja kwetu.

Walipita juu yetu. Siwezi kukwambia ni wangapi, na anayesema anaweza kuhesabu hajawaona. Jua lilififia. Upepo wa mabawa yao ulitupiga usoni na kuupeperusha mtandio wa Mwanaidi, na kila jaruba lenye maji liliwaonyesha tena chini, hivi kwamba walikuwa juu na walikuwa chini, na sisi wawili tukawa katikati yao. Walishuka shambani ng'ambo ya mfereji. Walinzi wa mpunga wakapiga makelele na madebe, na ndege wakainuka wote pamoja kama shuka linalokung'utwa, wakapinda, wakaonekana wekundu upande wa jua na weusi upande wa kivuli. Hakuna aliyegongana na mwenzake. Hakuna aliyewaongoza. Kila nikiwaona ninajiuliza nani anawaambia sasa pinda, na kila mara ninapata jibu moja, na ninahisi mwili wangu wote ni mdogo, na ninafurahi kuwa mdogo.

"Subhanallah," akasema Mwanaidi. Alikuwa amekaa juu ya begi lake.

Simu yake ikaita mkekani. Ilikuwa Chiku, vistari vimejaa. Ikaita mpaka ikakata, ikaanza tena. Mwanaidi alinyoosha mkono bila kuondoa macho juu, akaipapasa, akaizima. Akapapasa tena akaipata yangu, akaizima nayo. Wakati huo nilimpenda kuliko siku niliyomwoa, na siku niliyomwoa nilimpenda sana.

Tulikaa hadi kundi la mwisho likaenda zake upande wa mabwawa, na bonde likawa kimya kiasi cha kusikia maji yakipita chini ya kalavati. Alikuwa na machozi, na hakuyafuta. Akasema, "Baba Junaid, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje?"

"Kweli," akasema. "Ningekucheka, halafu ningekuacha."

Begi nililirudisha garini mimi. Tulipoingia Madibira na kusimama mbele ya ghala, Mwanaidi alikumbuka simu na kuziwasha. Hata sekunde chache hazikupita Chiku akapiga. Sauti yake haihitaji spika. Aliuliza tulikuwa wapi muda wote huo, mbona kwanza simu inaita haipokelewi na baadaye haipatikani kabisa, na mtandao je, umeshika ama haukushika, na shemeji kasemaje.

Mwanaidi alinitazama. Nami nikatazama ghala.

"Njia nzima unashika," akamwambia mdogo wake. "Ila kabla ya Madibira pana mahali hamna kitu. Hata huo wenu. Uliita mara moja ukapotea. Hatuhami, Chiku, haina maana."

Chiku akauliza, kwa sauti ya chini kweli safari hii, "Kwa hiyo shemeji?"

"Shemeji yako alikuwa anasema kweli," akasema Mwanaidi. "Pale hapatikani mtu."

Akakata simu. Nikamsikia akisema astaghfirullah, polepole, mara kadhaa, nami nikaitikia pamoja naye.