Santuri Tano za Mulei

Hii alinihadithia Kalondu mwenyewe mwaka wa themanini na nne, ule wa njaa, tukiwa kwake Ngoliba tukichambua mbaazi chache zilizopatikana. Hata watoto wake alikuwa hajawahi kuwaambia.

Mwaka wa hamsini na nne Kalondu alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akimpikia kaka yake Mulei huko Gitothua, Ruiru. Mulei alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa kwenye shamba la mzungu mmoja, na alipewa chumba cha mwisho katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi. Pombe hakunywa. Ugonjwa wake ulikuwa muziki wa kucheza, jazi na swingi, ule wa matarumbeta uliokuja na askari waliorudi kutoka vitani.

Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono aliinunua kwa Dalmas, mpishi ambaye mzungu wake alikuwa ametoroka kurudi kwao Ulaya. Santuri nazo akaanza kuzitafuta moja moja, kila mwisho wa mwezi, kwenye duka la Mhindi Thika. Na hakuwa mtu wa kuchukua tu. Alikuwa akimwomba Mhindi aiweke, halafu yeye anaanza kutembea, kutoka mlangoni mpaka kaunta, kutoka kaunta mpaka mlangoni. Mguu ukiingia wenyewe kwenye mdundo, ananunua. Mguu ukijikwaa, anarudisha, hata mwimbaji awe na sauti ya malaika.

"Wewe unanunua santuri ama viatu?" Mhindi alimwuliza siku moja.

"Watu wangu ni wa kujifunza, Bwana. Masikio yao bado, wana miguu peke yake."

Alipofikisha tano aliona zinatosha kuanzia densi pale chumbani kwake. Moja ya polepole, ya watu waoga. Mbili za mwendo wa kati, hizo ndizo za kazi. Moja ya mbio, ya maringo, lakini moja tu, maana mtu akichoka mapema anatafuta kofia aende nyumbani. Ya tano ilikuwa laini, ya kufungia.

Hasa alikuwa akizinunua kwa ajili ya Gathoni. Huyo alikuwa msichana wa Kikuyu, mshonaji wa nguo Thika, akilala kwa shangazi yake Wamboi hapo Ruiru. Mulei alitaka kumwoa, na densi ndiyo ingekuwa siku ya kumwonyesha mbele ya watu. Lakini ilikuwa Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni kwa sababu ya watu waliokula kiapo cha kupigana nayo. Mkikuyu hakuweza hata kuvuka barabara bila kipande, ile hati ya kujitambulisha, na kaka yake Gathoni alikuwa tayari kizuizini. Kipande cha Gathoni kikichukuliwa, na yeye anafuata huko. Hilo Kalondu alilijua vizuri.

Mzungu wa shamba alitoa ruhusa ya Jumamosi moja, saa nane mpaka saa kumi na moja, mlango ukiwa wazi. Kalondu akafagia, akanyunyizia sakafu maji. Halafu, kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, akashuka mtoni na panga akakata migomba miwili na majani yake. Akaisimamisha huku na huku ya mlango, akakunja majani juu yakakutana, yakaning'inia chini kiasi cha mtu kuinama akiingia. Kwao kwa Wakamba ndivyo walivyompokea bibi harusi, na padre pia. Aliposimama mbali kutazama, akajipigia makofi.

Saa nane Mulei akaweka ile ya polepole. Hakuna aliyekuja. Akaiweka tena. Kalondu alichungulia nje akaona vijana wawili waliokuwa wameahidi kuja, wamevaa mashati meupe, wamefika karibu kabisa. Walitazama mlango, wakageuka, wakaenda bila kusemezana. Kisha mama wa chumba cha pili akaita watoto wake ndani, akafunga. Wa tatu akafunga. Wa nne.

"Wanaona haya," Kalondu akasema.

Mulei akaendelea kuzungusha mkono wa gramafoni.

Gathoni alipofika hakuingia. Alisimama hatua kumi kutoka mlangoni, mkono mdomoni.

"Ngai! Kalondu, hii majani imewekwa na nani?"

"Na mimi. Si ni maridadi?"

"Toa. Toa saa hii! Wewe hujui watu wanakula kiapo namna gani? Wanapitishwa chini ya migomba kama hii. Wanapita mara saba, wanatoka wameapa."

Kalondu alitoka mbio kushika jani la kwanza, na hapo hapo Gathoni akazunguka kwa nyuma akaingia kwa mlango wa jikoni, maana kwenye njia alikuwa ameona kofia ya homgadi, wale walinzi Waafrika wa serikali.

Alikuwa Zacharia, homgadi wa pale, mtu mrefu mwenye bunduki. Hakubisha. Alimsukuma Kalondu kando, akainama, akainua majani kwa mkono wake, akaingia.

"Nimepita nyumba kumi na mbili," alisema, "zote zimefungwa. Densi gani hii watu wanafungia mlango?"

"Ruhusa ninayo, Mzee," Mulei akasema.

Zacharia aliisoma karatasi, akaiweka mezani. Akachukua santuri moja akaitazama kwenye mwanga.

"Hii inasema nini?"

"Haisemi. Ni tarumbeta tu."

"Siku hizi watu wanaimba nyimbo za kanisa na maneno ingine ndani. Usiniambie mambo ya tarumbeta." Akamgeukia Gathoni. "Wewe. Kipande."

Alikitazama mbele na nyuma, kisha akakitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Majani ni mimi niliweka," Kalondu alisema. "Yeye amekuta."

"Wewe ni Mkamba. Hata Wakamba wa reli wamekula kiapo, tumewashika. Lakini nikipeleka Mkamba nitaulizwa maswali. Nikipeleka huyu, hakuna wa kuniuliza." Akamshika Gathoni mkono. "Twende."

Santuri ilikuwa imeisha, sindano ikikwaruza pale katikati, kwaru, kwaru. Kalondu hakujua maneno yalimtoka wapi.

"Afande. Na wewe umepita."

"Nimepita wapi?"

"Hapo. Umeinama, ukainua majani na mkono. Laini yote imeona. Kama hiki ni kiapo, na wewe umekula."

Zacharia alitazama nje. Ile milango iliyofungwa, kila mmoja sasa ulikuwa na ufa wa upana wa kidole. Angepiga kelele, au ampige mtu kofi, Kalondu angepumua. Lakini aliihesabu milango kwa macho, na jasho likaanza kumtoka chini ya kofia.

"Weka hiyo ya kwanza," alimwambia Mulei. "Iwe na sauti."

Akamvuta Gathoni mpaka mlangoni, kwenye mwanga, akaanza kucheza naye, bunduki mgongoni. Alikuwa anajua, alijifunza jeshini. Meno yote nje, lakini Kalondu alisikia anavyomnong'oneza, "Cheka, wee. Cheka waone ni densi." Gathoni akacheka, machozi yakimshuka. Walicheza ya polepole, zile mbili za kazi, ya mbio, ya kufungia. Kisha wakaanza upya. Hakuna mlango hata mmoja uliofunguka zaidi.

Saa kumi na moja Zacharia alimrudishia Gathoni kipande. Akamwamuru Kalondu akatekate majani pale nje, mbele ya watu, awape mbuzi.

"Na hizo sahani zenu za muziki nisizisikie tena," akasema, akaenda.

Mulei alishika koti amsindikize Gathoni. "Usinifuate," Gathoni akamwambia, "tafadhali," akaondoka peke yake kabla kafyu ya usiku haijaanza.

Usiku huo hawakulala, kaka na dada. Jumapili, kanisa lilipotoka, Wamboi alikuja. Alikataa kiti.

"Gathoni alifika. Kipande anacho. Amesema usimtafute kwanza."

"Kwanza mpaka lini, Shangazi?"

"Hakusema." Akashusha sauti. "Na Zacharia ameitwa posti asubuhi, kwenye kambi ya homgadi. Bunduki wameichukua mlangoni."

"Ameulizwa nini?"

"Mimi nilikuwa kanisani, mwanangu. Mimi sijui kitu."

Alipoondoka, Mulei alizifunga santuri zake kwenye gunia, moja moja, akizungushia kila moja kitambaa. Kisha akajinyoosha kitandani, uso ukutani, na baada ya muda pumzi yake ikawa nzito.

Kalondu aliketi chini, mgongo kwenye mlango. Alisikia lori la askari likipanda kutoka darajani. Lilifika njia panda ya Gitothua, likapunguza mwendo, likasimama, injini ikinguruma. Lilikaa hapo muda mrefu. Kisha likaendelea upande wa Thika. Alikaa akingoja lingine, la kuja kuwachukua. Jua liliingia kwa dirisha likamfikia miguuni, likapanda mpaka magotini, na kichwa chake kikaanza kuanguka, akakiinua, kikaanguka tena, akalala hapo hapo ameketi.