Wadukuzi wa Saa Kumi na Moja

Ilpo ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na tangu darasa la kwanza hajawahi kukosea. Kalamu ikimvunjikia, kosa ni la karatasi. Kwa hiyo seva yake ilipozimika Jumamosi mbili mfululizo saa kumi na moja jioni, alitangaza dukani kwamba wadukuzi wa ng'ambo wanamwandama. Kijiji chetu kina watu mia mbili na mbwa wao. Sijui wadukuzi walifuata nini.

Urho, mwenyekiti wa mashindano yetu ya kuteleza kwenye theluji, hakucheka. Ilpo ndiye aliyemshawishi aachane na daftari la dukani, watu wajiandikishe kwenye tovuti ya seva yake, Jumamosi iliyofuata saa kumi na mbili kamili. "Ikizima tena," Urho alimwambia mbele za watu, "tunarudi kwenye daftari, na habari za mashine yako tusizisikie tena." Ilpo hakulala siku tatu. Ndipo akaniita nije kuitazama.

Nilifika Jumamosi hiyo saa nane mchana. Seva ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, inanguruma vizuri. Ruta haina neno, waya hazina neno.

"Umeona ukuta wa mtandao niliowajengea wadukuzi?" aliniuliza.

"Nimeuona. Umejifungia nje mwenyewe mara nne."

"Hayo yalikuwa majaribio."

"Haya, bwana majaribio. Jumamosi saa kumi na moja huwa mnafanya nini hapa?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Tunawasha sauna tu, Tuire, kama watu wote. Maswali gani haya?"

Nami, mzaliwa wa hapa hapa, jibu hilo likanipita. Saa kumi na moja mkewe, Marketta, akaenda kuwasha jiko la sauna, bafu la mvuke ambalo kila nyumba hapa huoga Jumamosi jioni. Seva ikazima.

"Wamekuja," Ilpo akanong'ona.

Nikagusa kipasha joto cha ukutani. Nacho kilikuwa kimezima. Hapo nikajiona mjinga. Jiko la sauna hula umeme mwingi, kwa hiyo likiwaka, laini ya vipasha joto hujikata yenyewe mpaka jiko litulie. Kila fundi wa umeme anajua. Ila Ilpo hakuita fundi, soketi ya seva aliifunga mwenyewe, kwenye laini hiyo hiyo.

"Mdukuzi wako yuko bafuni," nikamwambia. "Amejifunga taulo."

Nikaleta ekstensheni kutoka garini, nikavuta umeme wa jikoni. Saa kumi na mbili kamili tovuti ikafunguka. Majina: sifuri. Saa kumi na mbili na nusu, bado sifuri.

"Wameziba njia," Ilpo alisema, akaketi sakafuni. Nikamwonea huruma, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ilpo, saa hizi kijiji kizima kiko uchi."

Saa moja na nusu watu walitoka saunani. Majina arobaini na moja ndani ya dakika kumi, na seva haikutikisika. Ilpo akampigia Urho simu, kifua mbele.

"Mwenyekiti, wale wadukuzi nime..."

Nikashika plagi ya jikoni. "Mimi naondoka. Ekstensheni ni yangu, naondoka nayo."

Akanitazama. Akaitazama plagi.

"Urho," alisema taratibu, "ilikuwa sauna."

Kicheko cha Urho nilikisikia nikiwa kule kule jikoni. Ilpo aliiweka simu mbali na sikio mpaka kiishe, na hakikuisha upesi.