Baiskeli Mbili na Bakuli la Kastadi

Muoka keki alikuwa na jina la utani lililomkera: Mama Mteremko. Keki zake zilikuwa tamu mpaka mtu anasahau kusalimia, lakini nyumba yake iko bondeni na wateja wako juu mlimani, na kila keki aliyoipandisha kwa miguu ilifika imeinama kama inatafuta sindano sakafuni. Watu wakicheka, naye hucheka nao. Ila juzi binti yake, anayeolewa Jumamosi, alimwambia kwa upole, "Mama, keki ya ukumbini nimeagiza kwingine. Yako tutaila nyumbani."

Hapo hakucheka. Aliingia stoo akalia, akanawa uso, akaenda kununua baiskeli ya umeme.

Alifuatana na wifi yake, mwanamke asiyejua kunong'ona. Dukani zikabaki mbili za kuchagua.

"Hii ina gia tisa, mnyororo unahamahama hapa nje," alisema muuzaji. "Nyepesi, ina mbio. Ile ina tano tu, zimefichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Nzito kidogo."

"Tisa, wifi! Tano za nini? Utatuaibisha!"

"Mimi sisikilizi mdomo wa mtu," alisema muoka keki, akafungua kapu lake. "Naiuliza kastadi."

Ndivyo alivyo. Hata jiko hanunui mpaka bakuli la kastadi limekaa ndani yake na kuganda sawasawa. Akafunga bakuli moja nyuma ya kila baiskeli, muuzaji kaduwaa, kisha wakapanda, wifi kwenye gia tisa, yeye kwenye tano.

Jamani, raha! Umeme ulipowasukuma walipiga kelele mlima mzima, watu wazima na akili zao. Wifi akapita mbele, miguu juu, akiimba.

Kwenye njia panda askari akanyanyua mkono. Wakafunga breki. Wifi alikuwa kwenye gia nzito kuliko zote. Akabonyeza, akabonyeza, wapi! Gia za nje hazihami mpaka pedali zizunguke. Askari aliporuhusu, akakanyaga kwa uzito wake wote. Mnyororo ukaruka, krakra! Baiskeli ikachupa mbele, ikakwama ghafla, na kastadi yote ikampanda mgongoni.

"Uwiii! Inaingia ndani!"

Muoka keki alikuwa amezungusha mpini palepale aliposimama, gia ikawa laini, akaondoka taratibu, huku anacheka mpaka machozi. Kileleni akafunua bakuli. Kastadi ilikuwa imetulia tuli, hata utando haujapasuka. Akaibusu baiskeli kwenye kiti, mbele za watu.

Jumamosi keki ya ghorofa tatu ikapanda mlima. Binti alikuta mama yake ameshaiweka mezani, pembeni ya ile ya kuagiza. Aliinama na shela lake mpaka macho yakawa usawa wa meza, akafumba moja, vile alivyomwona mama yake akipima majiko tangu yeye mdogo.

"Imesimama, mama."

"Imesimama, mwanangu."

Binti akamgeukia mhudumu, akaisogeza ile ya kuagiza kwa kidole kimoja.

"Hii ifungeni vizuri. Tutaila nyumbani."

Wifi akapiga kigelegele, ukumbi mzima ukaruka.